Uyoga Uotao Juu ya Mizizi ya Miti: Namna ya Kuwaongoza Watoto Kuutambua

Mvua zinapoanza kunyesha katika mwambao wa Mtwara, aghalabu mwezi wa Novemba au Desemba, watoto waendao shule kwa miguu huona mambo mengi ambayo mwalimu wao hayaoni. Kuanzia Mikindani na Naliendele hadi Mahurunga na Kitaya, karibu na mto Ruvuma, njia zao hupita katikati ya mikorosho, miembe, minazi na vichaka. Mtoto akiukuta uyoga mgeni machoni pake, mkubwa, wenye rangi ya manjano, umechomoza juu ya mzizi wa mkorosho, huung'oa na kuuleta darasani. Swali lake la kwanza ni lile lile siku zote: "Mwalimu, huu unaliwa?"

Swali hilo ni jepesi kuliuliza, lakini jibu lake la haraka laweza kuleta msiba. Mwalimu akisema "unaliwa" kwa kubahatisha, huenda chakula cha jioni cha nyumba nzima kikawa sumu. Akisema "utupe nje" na kuendelea na somo, amemfunza mtoto kwamba udadisi ni kosa, na tena huenda ametupa habari ambayo mzazi wa mtoto huyo angeihitaji sana, kwa maana uyoga fulani uotao juu ya mizizi ni dalili kwamba mti wenyewe unakufa.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi mambo matatu: kwanza, uyoga uotao mizizini una maana gani; pili, namna ya kuliongoza darasa kuutambua uyoga kwa hatua zenye mpango; na tatu, namna ya kulijibu swali la kula bila ya kudanganya na bila ya kuzima hamu ya mtoto ya kujua.

1. Uyoga ni nini?

Vitabu vingi vya zamani viliuweka uyoga pamoja na mimea, vikisema kwamba ni mmea usio na rangi ya kijani. Mawazo hayo yameachwa. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani, Robert Whittaker, alipendekeza viumbe wagawanywe katika himaya tano, na kuvu zikapewa himaya yake peke yake. Uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha hata kwamba kuvu zina udugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Kuvu haiwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ni lazima ikipate kwa kiumbe mwingine, aliye hai au aliyekufa.

Jambo la pili ambalo yafaa lielezwe mapema ni kwamba uyoga tuuonao si kuvu yote. Mwili wa kuvu ni nyuzi nyembamba sana zinazotambaa ndani ya udongo, ndani ya gogo au ndani ya mzizi, na nyuzi hizo huweza kuishi humo kwa miaka mingi bila ya kuonekana. Uyoga ni kama tunda la nyuzi hizo. Hujitokeza unyevu unapotosha, hutawanya vijimbegu vyake, ambavyo wataalamu huviita spora, kisha hunyauka au hukauka. Watoto wa Mtwara huelewa upesi wakiambiwa hivi: anayeokota embe lililoanguka hajauona mwembe. Basi anayeokota uyoga naye hajaiona kuvu. Kuvu yenyewe imebaki pale pale ilipokuwa.

Kutokana na mambo hayo mawili lipo swali moja ambalo mwalimu hana budi kulitanguliza kabla ya kuuliza jina la uyoga: kuvu hii inakula nini?

2. Uhusiano wa uyoga na mizizi

Uyoga unapoonekana juu ya mizizi au karibu nayo, yawezekana pana mojawapo ya mahusiano manne yafuatayo.

(a) Rafiki wa mti. Zipo kuvu ambazo nyuzi zake huizunguka mizizi midogo ya mti ulio hai na kubadilishana nayo mali. Kuvu huupa mti maji na madini ya udongo, na mti huipa kuvu sukari. Miti ya misitu ya miombo, pamoja na mbambakofi, ina urafiki wa namna hiyo. Ndiyo sababu misitu ya miombo huwa na uyoga mwingi wakati wa mvua, ukiwemo ule wa manjano wenye umbo la faneli uitwao Cantharellus, ambao huliwa na kuuzwa katika sehemu nyingi za nchi yetu. Uyoga wa namna hii hutoka katika udongo karibu na mti, wala hauumizi mti.

(b) Mla maiti. Hizi ni kuvu zinazooza miti iliyokufa: visiki, magogo, matawi yaliyoanguka na mizizi iliyokatwa. Bila ya kuvu hizi, misitu ingejaa magogo yasiyooza, na rutuba iliyomo ndani yake isingerudi katika udongo. Hata sehemu za mikoko iliyokufa ambazo hazifunikwi na maji huota kuvu za namna hii, na mwanafunzi wa Msimbati aweza kuziona bila ya kukata wala kuvunja kitu. Na asivunje, kwa kuwa eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

(c) Adui wa mti. Kuvu hizi huingia katika mizizi iliyo hai, huila na kuiozesha, na mwisho huuangusha mti. Huweza kupita kutoka mti hata mti pale mizizi inapogusana chini ya ardhi.

(d) Mgeni asiyehusika na mti. Uyoga wa vichuguu, ambao jina lake la kitaalamu ni Termitomyces, hulimwa na mchwa ndani ya viota vyao. Kikonyo chake hurefuka kwenda chini kama mzizi hata kukifikia kiota. Mtoto auonapo mkia huo mrefu karibu na mti hudhani kwamba uyoga umeota juu ya mzizi wa mti, kumbe kile adhanicho mzizi ni sehemu ya uyoga wenyewe. Kuvu hii ina uyoga mkubwa ajabu. Aina moja iliyopewa jina rasmi mwaka 1980 kwa vielelezo vya Zambia huweza kuwa na kofia yenye upana wa karibu meta moja.

Mgawanyo huu unalipa darasa njia ya kufikiri. Rafiki, mla maiti, adui na mgeni wote waweza kuonekana mita chache kutoka shina moja. Hawawezi kutofautishwa kwa kutazama kofia pekee. Lazima tuchimbe kwa uangalifu na kuona uyoga umeshikamana na nini.

3. Mfano wa uyoga wa mizizi ya mkorosho

Mkorosho ni mti mgeni uliotoka Brazil na kuletwa na Wareno katika pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Mizizi yake nayo ina marafiki wa kuvu, lakini marafiki hao ni wa aina nyingine. Huishi ndani ya mizizi na katika udongo, na hawatoi uyoga wa kuonekana kwa macho. Hapo darasa laweza kujengewa hoja nzuri. Ikiwa marafiki wa mkorosho hawatoi uyoga, basi uyoga mkubwa ulioshikamana na mzizi wa mkorosho si rafiki. Ama unakula sehemu iliyokwisha kufa, ama unaila sehemu iliyo hai. Katika hali zote mbili mti unastahili kuchunguzwa.

Katika mikoa ya kusini mwa Tanzania ipo kuvu inayojulikana kwa kuozesha mizizi ya mikorosho na hata ya mihogo. Jina lake la kitaalamu ni Laetiporus baudonii. Ilielezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa Kifaransa, Narcisse Patouillard, akaiita Polyporus baudonii. Baadaye wengine waliiita Pseudophaeolus baudonii. Imeonekana katika nchi nyingi za Afrika ya kitropiki, na huko Afrika ya Kusini imeshambulia mikaratusi. Uyoga wake hutoka ardhini karibu na shina au juu ya mzizi. Unapokuwa mchanga huwa na rangi ya manjano au ya chungwa, nyama yake ni laini na yenye maji, na uso wa juu huonekana kama kitambaa chenye manyoya mafupi. Ukizeeka hugeuka kahawia, na ukikauka huwa mwepesi na rahisi kuvunjika. Chini ya kofia hakuna mikunjo kama kurasa za kitabu, bali pana vitundu vingi vidogo.

Kubadilika kwa jina lake kuna fundisho kwa mwalimu. Majina ya kitaalamu hubadilika kadiri wataalamu wanavyogundua udugu wa viumbe, na siku hizi hupima hata chembe za urithi. Lakini maelezo mazuri ya kile kilichoonekana hayachakai. Mtoto aliyeandika "manjano, laini, vitundu chini, umeshika mzizi hai wa mkorosho, mvua zimenyesha wiki mbili" ameacha habari yenye thamani, hata kama hakuandika jina lolote.

Si kila uyoga wa mizizi ya mkorosho ni huu. Kuvu nyingine iwezayo kuonekana kwenye mizizi na vitako vya miti mingi, kama vile miembe na mivinje, ni ganoderma. Hiyo ni ngumu kama ubao, na aina zake nyingi hung'aa juu kama zilizopakwa vanishi. Chini ni nyeupe au rangi ya maziwa, na ukiikwaruza kwa kijiti kwenye upande huo, mstari wa kahawia hutokea pale pale. Vumbi la spora zake ni la kahawia, na huweza kuonekana limetanda juu ya majani yaliyo jirani kama unga wa kakao. Kwa hiyo, kwa kushika, kukwaruza na kutazama vumbi, mtoto wa darasa la tano aweza kuzitenga kuvu hizi mbili bila ya hadubini.

4. Hatua za utambuzi

Somo hili lafaa kufundishwa kuanzia darasa la nne, kwa vipindi viwili. Zana zake ni kisu kidogo au kijiti kilichochongwa, karatasi nyeupe na nyeusi, bakuli, kipande cha gazeti na daftari. Yafuatayo ni mambo ya kuyatenda kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: kwenda mahali penyewe. Uyoga uliokwisha ng'olewa umepoteza nusu ya ushahidi. Ikiwa pako karibu, mwalimu alipeleke darasa pale pale. Wanafunzi waandike: ni mti gani, u hai au umekufa, majani yake yakoje, uyoga uko umbali gani kutoka shina, uko peke yake au katika kundi, na mvua ilinyesha lini.

Hatua ya pili: kuchimbua, si kung'oa. Mwalimu au mwanafunzi mmoja achimbue udongo polepole hata lionekane tako la uyoga. Je, limeshikamana na mzizi? Mzizi huo ukikatwa kidogo, ndani ni mbichi au umeoza? Je, pana kichuguu chini? Je, tako limo ndani ya kifuko mfano wa ganda la yai? Kifuko hiki ni alama ya hatari, na mtu angoaye uyoga kwa kuuvuta hukiacha ardhini asikione.

Hatua ya tatu: kutazama upande wa chini. Watoto hupenda kutazama rangi ya juu, na rangi ya juu ndiyo idanganyayo kuliko zote, kwa kuwa mvua na jua huibadili. Upande wa chini ndio wenye siri: mikunjo, vitundu, au meno madogo yaning'iniayo. Waulizwe pia kama kikonyo kina pete.

Hatua ya nne: kushika, kunusa na kukata. Kushika uyoga kwa mikono hakumdhuru mtu, mradi mikono ioshwe baadaye. Wanafunzi waseme kama uyoga ni mgumu, laini, wa maji au wa nyuzi. Ukatwe katikati, na waangalie kama nyama yake inabadilika rangi. Kuonja ni marufuku, hata kwa ncha ya ulimi, na mwalimu aiseme amri hii mwanzo wa somo na kuirudia mwisho.

Hatua ya tano: kupiga chapa ya spora. Kata kikonyo, weka kofia juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi, upande wa chini ukielekea karatasi. Funika kwa bakuli, uache hadi kesho. Asubuhi yake vumbi la spora litakuwa limechora sura ya mikunjo au vitundu. Karatasi nyeusi huonyesha vumbi jeupe, na nyeupe huonyesha vumbi la rangi. Kazi hii hupendwa mno na watoto, tena ina manufaa ya kweli. Uko uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, uotao kwenye majani mafupi na viwanja katika nchi za joto, mkubwa, mweupe, wa kutamanisha, ambao huwatapisha na kuwaharisha vibaya wale waulao. Ungali mchanga hufanana sana na uyoga uliwao, lakini ukikomaa chapa yake ni ya kijani.

Hatua ya sita: kuandika na kuchora. Kila kikundi kiandike maelezo yake bila ya jina kwanza. Kisha vikundi vilinganishe maelezo, na pale wanapotofautiana warudi kuutazama uyoga. Ndipo ije hatua ya kujadili: je, huu ni rafiki, mla maiti, adui au mgeni? Jina la kitaalamu liwe la mwisho kabisa, na likikosekana somo halijashindwa.

5. Kulijibu swali la kula

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Jibu ambalo mwalimu aweza kulisema bila ya hofu ni hili: "Uyoga ambao hatuujui kwa hakika hatuuli. Tunajifunza habari zake." Hilo ni jibu kamili. Lisifuatwe na "labda" wala "nadhani".

Sababu ya ukali huo ifahamike. Sumu mbaya kuliko zote za uyoga ni zile ziitwazo amatoksini, zipatikanazo katika baadhi ya aina za Amanita. Mtu aliyekula hajisikii kitu kwa saa 6 mpaka 24. Kisha hutapika na kuharisha, huenda akapata nafuu ya uongo kwa siku moja hivi, na wakati huo ini lake linaharibika. Sumu hii haiondolewi kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Kwa vile dalili huchelewa, watu wa nyumba huona mwonjaji yu mzima na wote hula. Aliyekula uyoga wa mashaka apelekwe hospitali mara moja hata kama hana dalili, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye.

Amanita wa hatari kuliko wote, Amanita phalloides, asili yake ni Ulaya. Huyu ni rafiki wa mizizi ya miti, na kwa sababu hiyo alisafiri pamoja na miche ya miti hadi mabara mengine. Huko Marekani, wahamiaji kutoka Asia ya kusini mashariki waliwahi kumla wakimdhania kuwa ni uyoga wa mashamba ya mpunga waliouzoea kwao, kwa kuwa uyoga wa aina hizo mbili ukiwa mchanga hufanana: kila mmoja hutoka katika kifuko kama yai. Watu hao hawakuwa wajinga wa uyoga. Walikuwa wajuzi wa nchi nyingine.

Mwalimu azikanushe waziwazi kanuni za uongo ambazo watoto huzisikia: kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au wanyama ni salama, kwamba sumu hubadilisha rangi ya kijiko cha fedha au ya wali, kwamba uyoga mweupe hauna madhara, kwamba uotao juu ya mti wote huliwa. Hakuna hata moja iliyo ya kutegemewa. Vile vile udugu wa kitaalamu si idhini. Laetiporus ya Ulaya huliwa na baadhi ya watu baada ya kupikwa sana, na hata hivyo huwasumbua matumbo wengine. Hiyo si ruhusa ya kuila nduguye iliyomo katika mikorosho yetu.

6. Maarifa ya wazee

Itakuwa makosa makubwa mwalimu kuyadharau maarifa yaliyomo kijijini. Katika sehemu nyingi za Tanzania akina mama ndio waokotao uyoga, na ujuzi hupita kutoka kwa bibi na mama hadi kwa binti. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipotoa kitabu chao juu ya uyoga wa Tanzania mwaka 2003, kazi yao ilitegemea sana maelezo ya wanavijiji. Wasomi waliuliza, wenyeji wakafundisha.

Kwa hiyo yafaa mwalimu amwalike bibi mmoja mwenye sifa ya ujuzi huo. Amwamkie na kumpokea kwa heshima ipasayo, na wanafunzi wawe wametayarisha maswali: "Bibi, uyoga huu kwenu mnauitaje? Huota chini ya mti gani? Unautofautishaje na ule usioliwa?" Majina yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, pamoja na jina la lugha. Jambo la kuliangalia ni kwamba jina moja laweza kutumiwa kwa uyoga mbalimbali katika vijiji viwili, na ujuzi wa bibi ni wa mahali pake. Hata yeye, akisema "huu siujui", hufunza jambo kubwa: mjuzi wa kweli huacha kile asichokijua.

7. Kutoka darasani hadi shambani

Elimu ya msingi haina budi kumfaa mtoto katika maisha ya kwao, na Mtwara maisha ya kwao ni korosho. Mzee akipoteza mikorosho mitano, amepoteza sare, madaftari na matibabu ya mwaka. Taifa limewahi kuona jinsi zao hili linavyoweza kuanguka: msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata takriban tani 145,000 za korosho, na msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 17,000. Sababu zilikuwa kadha, zikiwemo bei na kuhamishwa kwa watu kutoka katika mashamba yao, lakini mojawapo ilikuwa kuvu: ugonjwa wa ubwiriunga.

Wanafunzi wajifunze basi kutochanganya magonjwa. Ubwiriunga hufunika maua na majani machanga kwa unga mweupe. Mnyauko, ulioonekana Mkuranga mwaka 2012 na kusababishwa na kuvu ya udongo iitwayo fuzari, hukausha majani ghafla yakiwa bado mtini, wala hautoi uyoga. Mdudu atoboaye shina huacha matundu yenye unga wa mbao na utomvu. Kuoza kwa mizizi hudhoofisha mti polepole: majani hugeuka manjano na kupukutika, matawi hukauka kuanzia ncha, na mwishowe uyoga hutokea chini.

Neno "mwishowe" litiliwe mkazo. Uyoga unapoonekana, nyuzi zimekwisha kukaa ndani ya mizizi muda mrefu. Kwa hiyo kuukata uyoga na kuutupa hakuponyi mti, kama vile kuchuma maembe kusivyoua mwembe. Lifaalo ni kung'oa mti uliokufa pamoja na mizizi yake na kuichoma, kuchimba mfereji wa kutenga mti mgonjwa na jirani zake ili mizizi isigusane, na kutopanda mihogo au mikorosho mara moja mahali hapo. Anayefyeka shamba jipya aondoe visiki, kwa maana ndivyo ghala ya chakula cha kuvu.

Hata hivyo mwalimu si bwana shamba. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba habari inafika. Maelezo ya wanafunzi, mchoro, na kielelezo kilichokaushwa kivulini na kufungwa katika gazeti, si katika mfuko wa plastiki ambamo kitaoza, vipelekwe kwa afisa ugani wa kata, naye aweza kuvifikisha kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ambacho kimeshughulikia korosho kwa miaka mingi. Mtoto aliyeleta uyoga aambiwe habari hiyo imefika wapi na jibu limesemaje. Hapo atajua kwamba kuangalia kwa makini ni kazi yenye faida, na kesho ataangalia tena.

8. Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Tengeneza andalio la somo la vipindi viwili juu ya "Uyoga na mizizi" kwa darasa la tano. Onyesha ni wapi utakapotoa amri ya kutoonja na kwa maneno gani.

2. Wakati wa mvua, tafuta uyoga wa namna tatu katika eneo la chuo. Eleza kila mmoja kwa sentensi zisizozidi kumi, bila ya kutaja jina. Mpe mwenzako maelezo hayo aone kama aweza kuupata uyoga ule ule.

3. Mwanafunzi anakuambia: "Mwalimu, mama yangu huupika huu kila mwaka." Wewe huujui uyoga huo. Andika jibu utakalompa ambalo halimvunjii mama heshima wala halifanyi darasa zima liule.

4. Piga chapa za spora za uyoga usiopungua miwili na uzihifadhi kuwa zana za kufundishia.

5. Mkulima jirani na shule amekata uyoga uliokuwa katika mizizi ya mkorosho wake na anasema mti umepona. Mweleze, kwa lugha nyepesi na kwa adabu, kwa nini anapaswa kuichunguza mikorosho iliyo karibu na huo.